Mashine Ilisema Hakuna

Waliomfahamu Deeqa Abdow pale Kakuma walimjua kwa kicheko chake cha haraka na kwa subira yake mbele ya kompyuta. Kila asubuhi alifungua chumba cha mabati karibu na soko la Wasomali, akapangusa vumbi lililoingia kwa nyufa, akawasha mashine, kisha akafungua mlango wa mbele. Watu walikuwa wamekwisha kupanga foleni. Chumba kile kilikuwa cha shirika dogo lenye ofisi yake Lodwar, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuwatafutia watu jamaa waliopotezana nao vitani na njiani.

Mtu alikuja, akataja jina lake, la baba na la babu, akataja na wale anaowatafuta. Deeqa aliyaandika yote kwenye tovuti ya shirika, akabonyeza, akangoja. Mashine ikajibu yupo, au hakuna. Karibu kila mara ilijibu hakuna. Katika kazi ile, hakuna halikuwa jibu la kumshangaza mtu. Vita vina tumbo kubwa, na walioketi mbele ya Deeqa walilijua tumbo hilo kuliko yeye. Waliitikia kwa kichwa, wakamshukuru, wakatoka kwenda kupanga foleni nyingine ya unga.

Tovuti hiyo ilijengwa na Opondo, mwanamume wa makamo kutoka upande wa Kisumu aliyekuja Lodwar kwa kazi ya miezi michache akazoea joto, akabaki. Ndiye aliyemfundisha Deeqa kuandika programu. Alimfundisha kwa simu ya video, yeye Lodwar, mwanafunzi wake Kakuma, wakikatizwa na mtandao kila mara, lugha ikiwa PHP. Deeqa alimwita Mwalimu, naye hakuwa mwalimu wa kukaripia.

"Fanksheni ni mtu unayemtuma," alimweleza siku ile ya somo la return. "Umo jikoni, unamtuma dukani akuletee chumvi. Akifika dukani akapiga kelele, 'Chumvi ipo!' wewe umepata nini? Kelele tu. Hiyo ni echo, maneno kwenye skrini. Return ni pale anaporudi na chumvi yenyewe, akakuwekea mkononi, ukatia kwenye mchuzi. Sawa?"

"Sawa, Mwalimu."

"Na jambo moja usilisahau. Akishafika kwenye return, safari imekwisha. Hata ukimwandikia mistari mia chini yake, hataisoma. Amesharudi nyumbani."

Deeqa aliandika fanksheni yake ya kwanza, ya kujumlisha namba mbili. Iliporudisha nane alipiga makofi peke yake chumbani, na Opondo akacheka kule Lodwar mpaka kikohozi kikamshika. Toka siku hiyo msichana hakushikika. Baada ya muda shirika likamwajiri, na ofisi ya Kakuma ikawa mikononi mwake.

Lakini si kupenda kompyuta tu kulikomsukuma. Deeqa alikuwa na kaka, Suldan.

Walipotezana Dhobley, karibu na mpaka wa Kenya, Deeqa akiwa na miaka kumi na mmoja na Suldan kumi na sita. Mama yao, Faiso, alikuwa na homa kali hata hakujua mchana wala usiku. Suldan alichukua galoni akaenda kutafuta maji. Huku nyuma ikaja pikapu ya kubeba wagonjwa. Watu wakamwinua Faiso, wakamfunika shuka toka utosini hadi miguuni kwa sababu ya nzi, wakamlaza nyuma, Deeqa akarukia kando yake. Alipiga kelele kwamba kaka yake yuko njiani anakuja. Dereva alisema wengine watamleta. Hakuna aliyemleta. Mama na binti wakatibiwa Dadaab, na baadaye wakahamishiwa Kakuma, upande wa pili wa nchi.

Siku chumba cha mabati kilipofunguliwa, Faiso alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandikishwa. Na tangu hapo, kila alipopita kwenda sokoni, aliingiza kichwa mlangoni.

"Hooyo, uliza tena," alimwambia bintiye, kwa lile neno la Kisomali ambalo mtoto humwitia mama na mama naye humrudishia mtoto.

Deeqa aliuliza tena. Hakuna.

"Haya. Labda bado hajafika mahali penye kompyuta," Faiso alisema, akarekebisha mtandio wake, akaenda zake.

* * *

Mwanzo wa mambo yote ulikuwa kicheko. Asubuhi moja waliingia wanawake wawili warefu wa Sudan Kusini wameshikana mikono kama wasichana. Mmoja Deeqa alimjua. Aliitwa Adut, muuza makaa, na alikuwa ameandikishwa pale akimtafuta dada yake.

"Tutoe kwa mashine," Adut alisema. "Huyu hapa dada yangu. Nimempata leo kwa bomba ya maji. Nilikuwa natukana mtu ameruka foleni, kuangalia, ni yeye!"

Chumba kizima kilishangilia. Deeqa naye alifurahi, akafungua maelezo ya Adut ili ayafunge, kisha akamuuliza yule dada kama naye aliwahi kuandikishwa mahali.

"Hapa hapa. Mwaka jana. Si wewe, siku hiyo kijana mwingine alikuwa anakushikia."

Deeqa akamtafuta. Kweli alikuwemo, na anayetafutwa ni Adut. Dada wawili, kila mmoja akimtafuta mwenzake, majina yote sawasawa, ndani ya mashine moja kwa mwaka mzima. Akabonyeza kutafuta upya, Adut akimchungulia begani.

Hakuna.

"Hakuna nini, na mimi nimesimama hapa?" Adut alisema. "Mashine yako kipofu, dada. Bomba ya maji imeishinda."

Watu walicheka. Deeqa alicheka pamoja nao, huku akilitazama lile neno kwenye skrini. Aliwaomba waketi kidogo, akafungua programu yenyewe, mahali ilipoandikwa fanksheni ya kutafuta. Alikuwa hajawahi kuisoma. Ilikuwa kazi ya Mwalimu, na kazi ya Mwalimu haikaguliwi na mwanafunzi.

Opondo aliiandika upya kwa wema. Zamani mashine ilitaka majina yafanane herufi kwa herufi, na majina ya wakimbizi hayana tahajia moja. Aliyeandikwa Suldan hapa aliandikwa Sultan kule na Suldaan kwingine, kutegemea sikio la karani. Basi Opondo akatunga fanksheni ya kulinganisha matamshi. Ipokee jina linalotafutwa, ipite kwa kila mtu aliyeandikishwa, mmoja baada ya mwingine. Ikimkuta anayefanana, imrudishe. Isipomkuta kabisa, irudishe null, yaani hakuna.

Ndivyo alivyokusudia. Lakini ile return ya hakuna ilikuwa ndani ya mzunguko huo wa mtu kwa mtu, ule uitwao foreach, si nje yake. Deeqa aliisoma mara ya pili kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta. Mjumbe alikuwa akiingia kwenye ukumbi wenye maelfu ya watu, akamuuliza wa kwanza aliyesimama mlangoni, "Ni wewe?" Yule akasema siye. Na hapo hapo mjumbe akageuka, akarudi kwa aliyemtuma, akasema hakuna.

Alipiga simu Lodwar.

"Mwalimu, fanksheni ya kutafuta. Return null iko ndani ya foreach."

Upande wa pili redio ilizimwa.

"Mwalimu?"

"Nisomee," Opondo alisema. Deeqa akamsomea mstari kwa mstari. Alipomaliza alimsikia akivuta kiti na kukaa. "Yesu wangu. Niliijaribu, Deeqa. Niliijaribu na orodha ya jina moja."

"Jina moja lingepita."

"Lingepita, ndiyo." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Itoe nje ya mabano. Mtafute Adut."

Ulikuwa mstari mmoja tu wa kushusha chini. Deeqa aliushusha, akabonyeza, na majina ya wale dada yakatokea pamoja, moja juu ya jingine. Adut akapiga kigelegele.

"Imefanya kazi," Deeqa alisema kwenye simu.

"Basi pitisha maombi yote ya zamani. Yote, toka nilipoibadilisha. Ujumbe utakwenda wenyewe kwa simu zao." Akahesabu kwa sauti ya chini. "Deeqa, ni zaidi ya miaka miwili."

* * *

Kabla ya adhuhuri Kakuma ilikuwa ikilia kwa furaha mahali pengi. Simu ziliita upande wa Wakongo, zikaita upande wa Wasudani. Mélanie, mshonaji wa nguo kutoka Bukavu, alikuja mbio na sindano zingali zimechomekwa kifuani, akasema mume wake yuko hai, yuko kambi ya Kalobeyei, mwendo wa pikipiki tu. Alimkumbatia Deeqa akamlowesha bega. Deeqa alicheka naye. Aliwaza kuhusu miaka ile miwili, na kila alipoiwaza alimpokea mtu mwingine mwenye furaha, akaisahau tena.

Ndipo alipomwona mama yake. Faiso hakuwa mtu wa kukimbia, magoti yalimkataza. Lakini alikuwa anakimbia, mtandio umemwangukia mabegani, simu ameishika mbele yake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba maji.

"Deeqa! Deeqa, soma! Mimi nimeona jina tu. Soma!"

Deeqa akasoma. *Kuna mtu anayekutafuta. Suldan Abdow, Lodwar. Piga namba hii.*

"Ni yeye?"

"Ni yeye, hooyo."

Faiso aliketi chini, pale pale kwenye vumbi la mlangoni, akaweka paji la uso ardhini akamshukuru Mungu. Alipoinuka alimshika bintiye mashavu. "Wewe ndiye uliyempata. Nilijua. Nilipokuona unapiga piga hiyo mashine miaka yote nilijua ni wewe utakayempata."

Waliipiga ile namba. Haikupatikana. Waliipiga tena.

"Chaji imemwishia," Faiso alisema. "Toka utotoni alikuwa hivyo, hatunzi kitu."

Deeqa alirudi ndani, akafungua maelezo ya Suldan. Aliandikishwa Lodwar zaidi ya miaka miwili nyuma. Alikuwa ameuliza mara nyingi, akarudi na kurudi, kisha mwaka jana, kabla ya mvua za masika, akaacha. Deeqa alizisoma zile tarehe mara mbili. Nje mama yake alikuwa akiwasimulia wanawake, na wao wakimpigia vigelegele. Hakutoka kumwambia. Atamwambia nini? Kwamba mtu ameacha kuuliza? Watu huacha kuuliza kwa sababu nyingi.

Mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali, lakini Opondo alikihangaikia, na gari la shirika likaja kuwachukua. Faiso alikuwa amenunua halwa na macawis mpya, ile nguo ya kiunoni ya wanaume wa Kisomali, ya rangi ya samli. Aliinunua ndefu. "Baba yake alikuwa mrefu," alisema. "Sasa atakuwa amemfikia."

* * *

Opondo aliwapokea Lodwar nje ya ofisi. Deeqa alikuwa hajawahi kumwona ana kwa ana. Alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana kwenye kioo cha simu, na macho yake yalikuwa mekundu. Alimsalimia Faiso kwa kuinama. Deeqa hakumwangalia sana.

"Nimeulizia," Opondo alisema. "Alikuwa akifanya kazi kwenye pikapu za Lorugum. Waliopo stendi wananiambia nimwone mama mmoja, Akeno. Hawakutaka kusema zaidi."

Akeno alikuwa Mturkana mnene mwenye shanga za zamani shingoni, na kibanda chake cha chai kilikuwa ng'ambo ya stendi ya pikapu. Aliwaona wakija, akaacha kukanda unga.

"Ejok," aliwasalimia.

"Ejok," Deeqa akaitikia. "Mama, tunamtafuta Suldan."

Akeno aliwatazama mmoja mmoja. Macho yake yaliishia kwa Faiso, yakakaa pale.

"Huyu ni nani yake?"

"Ni mama yake."

"Hapana," Akeno alisema. "Suldan hana mama. Mama yake alikufa. Yeye mwenyewe aliniambia."

Faiso alikielewa Kiswahili cha kutosha. "Mimi ni mama yake," alisema, akigusa kifua. "Mimi. Faiso."

Akeno alijifuta unga mikononi, polepole sana, kidole kwa kidole. Kisha akazunguka meza, akamshika Faiso kiwiko, akamketisha kwenye benchi, naye akaketi kando yake bila kumwachia. Deeqa alibaki amesimama. Alikwisha kujua. Alijua tangu yule mama alipoacha kukanda unga.

"Mama," Akeno alisema, "huyo kijana maji ilimchukua. Mwaka jana, wakati ya mvua."

Aliwasimulia kwa Kiswahili chake cha stendi, taratibu, na Deeqa akageuza kwa Kisomali, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kufanya hivyo. Pikapu ilikuwa ikirudi kutoka Lorugum. Walifika kwenye lagga, mto mkavu unaokatiza barabara, wakakuta maji yamepungua, ya magotini. Mahali pale hapakuwa na wingu hata moja. Suldan alishuka na fimbo kumpimia dereva kina, kama alivyofanya siku zote. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani, na maji yakaja kwa mkupuo. Dereva alisema alisikia ngurumo tu. Walimkuta siku iliyofuata, na Waislamu wa Lodwar wakamzika vizuri, wakamsomea.

Faiso hakulia. Aliuliza, "Alikuwa anakula nini hapa kwako?"

"Chai na chapati. Nyama ya mbuzi nikipika. Samaki alikuwa anakataa."

"Alikataa samaki toka mdogo. Alikuwa mwembamba?"

"Mwembamba, lakini nguvu anayo. Gunia alikuwa anabeba peke yake."

"Ndevu?"

"Kidogo. Hapa tu." Akeno alijigusa kidevu.

"Na urefu?"

Akeno aliinua mkono juu ya kichwa chake, juu zaidi, akausimamisha hewani. Faiso aliutazama ule mkono ulipoishia kwa muda mrefu.

"Mbona alisema nimekufa?" aliuliza hatimaye.

"Watu ya kwenu walimwambia. Walisema waliona unabebwa kwa gari umefunikwa kila mahali. Lakini yeye alikataa kuamini. Akafuata watu walihamishwa kuja huku, akaishia hapa; kambi aliogopa kuingia, karatasi hana. Akaenda kwa ofisi ya kompyuta. Wakamwambia hakuna. Akaenda tena. Kila akirudi namuuliza, ananiambia, 'Mama Akeno, bado.' Siku ya mwisho alirudi, akakaa hapo pale umekaa wewe. Akaniambia, 'Sasa nimekubali.' Akaita sheikh wakakusomea dua. Mimi nilipika chai ya watu."

Mbuzi jike mweusi alisogea akaanza kula majani ya chai yaliyomwagwa. Akeno alimfukuza, "Deeqa! Toka!" Halafu akashika mdomo.

"Ni yeye alimpa hiyo jina," alisema. "Alimlea kwa chupa. Alisema mbuzi hii haisikii, kama dada yake mdogo." Akamwangalia msichana. "Ni wewe?"

Deeqa aliitikia kwa kichwa. Hapo ndipo alipoketi, chini, mgongo kwenye nguzo ya kibanda, akajifunika uso kwa mtandio. Kaka yake alikuwa amekaa Lodwar, mwendo wa saa chache kwenye barabara moja iliyonyooka. Miaka miwili na zaidi. Alikuwa anajibiwa na tovuti ile ile ambayo yeye dada yake aliifungua kila asubuhi.

* * *

Opondo alikuwa amesimama pembeni wakati wote huo. Walipofika makaburini alibaki nje ya ua wa miti ya miiba, kofia mkononi. Kaburi lilikuwa tuta la mchanga na mawe mawili, bila jina. Faiso alilipangusa kwa kiganja kama anavyompangusa mtoto mchanga. Aliomba dua ndefu. Kisha akaifungua ile macawis, akaitandaza juu ya tuta toka jiwe hadi jiwe, akaipima. Ilitosha. Akaikunja tena, akainuka.

Walipotoka, Opondo aliwazuia njia.

"Mama," alisema, "kuna jambo lazima ulisikie kwangu."

"Mwalimu, si leo," Deeqa alisema.

"Ni leo." Alikuwa akimwangalia Faiso. "Mashine ilisema hakuna, na wewe ulikuwemo. Ilisema uongo, kwa sababu mimi niliiandika vibaya. Mtoto wako alikuja kwangu. Mimi mwenyewe nilimpokea."

Deeqa akageuza yale maneno kwa mama yake.

"Ulimwona mwanangu?" Faiso aliuliza.

"Nilimwona. Nilimpa kiti, nikampa maji. Aliniambia ana mama anaitwa Faiso na dada anaitwa Deeqa. Nikaandika. Ikasema hakuna. Nikamwambia pole, urudi." Aliikunja kofia mikononi. "Wiki ile ile nilikuwa namfundisha Deeqa kwa simu. Nilisema Deeqa ni wengi, Abdow ni wengi, na mashine imeshatafuta. Niliiuliza mashine. Sikumuuliza Deeqa."

Deeqa hakuligeuza hilo la mwisho kwa Kisomali. Lilikuwa jipya hata kwake. Alimtazama mtu aliyempa kazi, lugha ya mashine na heshima mbele ya watu, na hakuona pa kuweka mkono. Kumpiga hakuweza. Kumfariji pia hakuweza.

"Amesema nini?" Faiso aliuliza.

"Amesema Suldan alitutaja. Wewe na mimi. Naye Mwalimu hakuniuliza."

Faiso alimwendea Opondo, akasimama mbele yake. "Alipokwambia jina langu," alisema kwa Kiswahili chake cha taabu, "sauti yake ilikuwa ya mtoto au ya mwanaume?"

Opondo alifikiri. Machozi yalikuwa yakimtoka wazi. "Ya mwanaume, mama. Nzito. Ya upole."

"Mimi najua ile ya mtoto tu," Faiso alisema. Akampita, akaenda kwenye gari.

* * *

Opondo aliacha kazi mwezi ule ule, akarudi kwao. Kabla ya kuondoka alimwandikia Deeqa ujumbe mrefu. Deeqa aliusoma wote, hakujibu. Alijaribu mara kadhaa. Kila neno alilolishika lilikuwa dogo mno au kubwa mno, na mwisho akaacha. Chumba cha mabati hakukifunga. Adut alikuja kumpa pole na gunia la makaa, akakaa naye kutwa, na wakati wakiwa wamekaa hivyo mzee mmoja aliingia akimtafuta mke wake. Deeqa alisimama akamwandikisha. Tangu siku hiyo husoma kila mstari wa programu ile, uwe wa nani, na mashine ikisema hakuna hampi mtu pole mpaka ameipitia orodha mwenyewe kwa macho, jina kwa jina. Foleni imekuwa ndefu, na wengine hunung'unika.

Faiso aliomba ahamishiwe Lodwar ili aishi karibu na mwanawe. Wasimamizi wa kambi walimjibu kwamba haiwezekani, makazi ya wakimbizi ni kambini. Aliweza kuomba kibali cha safari, siku chache kwa wakati, akieleza sababu. Basi anaomba. Deeqa humsindikiza hadi dirisha la vibali kumfasiria.

Mara ya kwanza karani alikuwa mwanamke kijana mgeni kazini, mwenye uso mkunjufu.

"Sababu ya safari?" aliuliza.

Deeqa akamgeukia mama yake. Faiso akajibu kwa Kisomali, kwa ufupi.

"Anakwenda kumwona mwanawe," Deeqa akafasiri.

"Mwanawe anakaa Lodwar?"

Faiso alilielewa hilo bila kufasiriwa. "Yuko Lodwar," alisema.

Karani akaandika, akapiga muhuri, akasukuma karatasi chini ya wavu huku akitabasamu. "Mwambie amsalimie sana."

Deeqa alifungua kinywa. Mama yake akamtangulia, akaikunja karatasi, akaitia kifuani.

"Salamu zitafika," Faiso alisema.